Hasira ya Mama Lugano

Mama Lugano alighairi tena, ikawa mara ya nne, na kesho yake asubuhi Subilaga alikuwa ndani ya gari la kampuni akipandishwa Tukuyu katikati ya mvua, amekunja uso kama mtu aliyelishwa shubiri.

Gari lilijiendesha lenyewe. Lilisoma uso wake, likapunguza mwanga wa ndani, likampulizia vuguvugu shingoni, kisha likaacha barabara kuu na kushika njia ya kuzunguka mashamba ya chai ili atazame kijani na kupoa.

"Rudi barabara kuu," Subilaga alisema.

Gari likarudi. Halikuomba radhi wala kuuliza abiria wake anataka nini, kwa sababu sheria haikuruhusu gari kumuuliza mtu kitu. Muda mfupi baadaye likaanza tena kuinamia upande wa chai.

"Nimesema barabara kuu! Sitaki kupoa!"

Lililomuudhi zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Vijana waliolibuni gari lile aliwafundisha yeye.

Subilaga alikuwa msichana wa chuo Sheria ya Utulivu ilipopitishwa, na siku hiyo alicheza barabarani na watu asiowajua. Waliozaliwa baadaye hawawezi kuielewa furaha ile. Zamani kila kitu kilikuwa na mdomo. Simu ililia, saa ilitetemeka mkononi, jokofu lilitangaza kwamba maziwa yanakaribia kwisha, choo cha hoteli kiliomba maoni ya mteja. Tangu anaamka mpaka analala kazi ya mtu ilikuwa kujibu: kubali, kataa, baadaye. Watu waligonga magari kwa sababu ya kujibu, wakaunguza vyakula, wakaachana na wake zao. Ndipo ikaja sheria yenye sentensi moja ambayo kila mtoto wa shule aliikariri: mashine isimsumbue mtu. Isilie, isiongee, isiulize, ila roho ya mtu inapokuwa hatarini. Mashine zikajifunza kutazama na kutenda kimya kimya, na katika kuzifundisha hakukuwa na wengi wa kumshinda Subilaga. Kanuni aliyowapa wanagenzi wake ilikuwa fupi. Mtu akigundua, umeshindwa.

"...kwa hiyo usikae huko wiki nzima," sauti ya Elirehema ilisema sikioni mwake.

Subilaga alishtuka. Simu hazikulia tena. Bangili ya mkononi, ambayo sasa ndiyo simu, ilipoona mwenye nayo hana shughuli, ilimfungulia aliyepiga akaanza tu kusema. Elirehema, mkurugenzi wake, alikuwa ameshaanza zamani.

"Sijasikia hata neno moja la mwanzo," Subilaga alisema.

"Nilikuwa nasema ni mtu mmoja tu, dada yangu. Tuna vyumba mia tatu vya usuluhishi nchi nzima. Watu wanaingia wanataka kuuana, wanatoka wamepeana mikono. Wizara inataka viingie hospitalini na mashuleni. Halafu mshona nguo mmoja wa Tukuyu anakubali, anaghairi, anakubali, anaghairi. Wakaguzi wameanza kuuliza kama chumba ni kibovu."

"Na kama si kibovu?"

"Basi mama ndiye mbovu, uniandikie hivyo," Elirehema alisema, na bangili ikamkata, maana ilikuwa imeona mapigo ya Subilaga yanapanda.

*

Baraza la usuluhishi lilikuwa jengo dogo la matofali nyuma ya soko. Mwenyekiti wake aliitwa Ambilikile, mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mwenye sweta la kijani lililovutika viwiko. Kila mtu alimwita Mwalimu. Alimpokea Subilaga kwa chai na manung'uniko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya yule mama? Atanizika yule. Anakaa pale, tunaongea vizuri kabisa, anasema kwa kinywa chake mwenyewe, sawa, makaburi yahamishwe. Akifika kwake anageuka mbogo. Kesho yake yuko hapa mlangoni kabla hata sijafungua kufuli."

Kesi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Mama Lugano alikuwa mjane. Mumewe alizikwa kwenye shamba la ukoo, na miaka miwili iliyopita mwanawe wa pekee, Lugano, aliyeanguka kutoka kwenye mnara wa umeme akiwa kazini, alizikwa ubavuni mwa baba yake. Sasa Asajile, mdogo wa marehemu mumewe na msimamizi wa shamba, alitaka makaburi yale mawili yahamishiwe makaburi ya mji ili eneo lote lipandwe parachichi. Mama hakutaka.

"Kabla ya chumba hiki ungefanyaje?" Subilaga aliuliza.

Mwalimu alivuta mkono wa sweta juu. Kovu refu lilipita kutoka kiwiko karibu na kiganja. "Hili lilikuwa la shingo ya mtu, kaka yake alipomrukia na panga hapa hapa. Nikaweka mkono. Siku hizo nilikuwa sijui kuongoza watu, nafoka, nao wanafoka." Akashusha mkono wa sweta na kutabasamu kwa haya. "Umri unafundisha. Siku hizi nikiongea wananisikiliza. Mke wangu anasema nimekuwa na ulimi wa asali uzeeni."

Subilaga aliinamia chai yake. Mikataba ya kampuni iliwaambia wenyeviti kwamba chumba kina mwanga na hewa vya kuwastarehesha watu, na hayo hayakuwa uongo. Hayakuwa yote pia. Viti vilisikiliza mapigo ya moyo na pumzi za waliokaa. Sakafu ilitetemeka kwa mwendo wa polepole usioweza kuhisiwa, na mwili wa mtu, bila mwenyewe kujua, ulianza kupumua kwa kufuata mwendo ule. Darini mlikuwa na vipaza sauti vilivyodaka maneno na kuyarudisha papo hapo yakiwa yamenyolewa makali, hata aliyetukanwa alisikia tusi kama jambo lililosemwa kwenye redio ya jirani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichozidi kiwango cha mtu kukitambua. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya Subilaga, na ndiyo iliyompa tuzo mbili.

Alipima kila kiti, kila kipaza sauti, kila kipande cha sakafu. Hapakuwa na ubovu wowote.

*

Mama Lugano alimpokea bila kuacha kushona. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa mguu, kuukuu, yenye kelele za kuudhi, na mapaja yake yalijaa sketi za bluu za wanafunzi.

"Wewe ndiye umetumwa kuja kuniona kama nina kichaa," alisema.

"Hapana, mama. Nimekuja kuangalia chumba."

"Chumba hakina neno. Ni kizuri. Hata viti vyake vizuri." Akakata uzi kwa meno. "Mwenye neno ni mimi. Hata mimi mwenyewe nimechoka na mimi, mwanangu. Watu wananicheka sokoni, wananiita Bendera. Naingia pale na maneno yangu nimeyapanga tangu alfajiri. Nimeapa, leo wataniua ndipo mwanangu aguswe. Nakaa. Shemeji anaongea, Mwalimu anaongea. Mara nasikia mdomo wangu unasema sawa."

"Na ndani yako unajisikiaje wakati huo?"

Mguu wa Mama Lugano ulisimama, na cherehani ikanyamaza.

"Lugano anakuwa mbali," alisema. "Namwona, lakini kama mtoto wa mtu mwingine ambaye nilisimuliwa habari zake. Pole ninazopewa naona wampe mama yake, mimi nipite. Halafu natoka, nafika pale kwenye daraja, ananirudia mzima kwa mpigo. Nakaa chini barabarani, na tope hilo." Alimtazama Subilaga usoni kwa mara ya kwanza. "Nimeenda kwa mchungaji nikaombewa. Nilidhani shemeji ameniwekea dawa. Nikadhani ndio akili zinaondoka. Wewe uliyesoma, hebu niambie. Mtu anaweza kumsahau mwanawe kwa saa moja?"

Subilaga alijua jibu lote, hadi kipimo cha mtetemo wa sakafu. Akasema, "Sijui, mama. Ngoja nikaangalie tena."

Akatoka amejichukia, na gari lilipojaribu kumpulizia vuguvugu shingoni aliteremka akaenda kwa miguu, mvua ikimnyeshea.

*

Mwalimu alikuwa amekwenda kula. Subilaga alifunga mlango wa baraza, akawasha chumba kwa bangili yake, akaketi kwenye kiti alichozoea kukalia Mama Lugano. Kisha akajaribu kukasirika.

Alianza na Elirehema. Alikumbuka siku mkurugenzi yule aliposimama mbele ya waziri akapokea sifa za kazi aliyoifanya yeye. Alikumbuka neno kwa neno. Hasira ikaja mpaka kifuani, ikalegea kama mkate uliotiwa maziwa. Akamjaribu aliyekuwa mumewe. Akamwona yule bwana na masanduku yake mlangoni, akajisikia kumtakia safari njema. Mwisho, kwa kuogopa, akamjaribu mama yake, aliyefia wodini Mbeya wakati yeye yuko kwenye mkutano. Akamkumbuka mama yake kwa utulivu mkubwa, bila chozi.

Akaruka kutoka kwenye kiti kile kama aliyeketi juu ya siafu, akaenda kusimama nje chini ya dari la veranda mpaka uchungu uliporudi. Ulirudi kwa mpigo, kama alivyosema yule mama. Hapo akampigia Elirehema.

"Nataka tuwaambie watu," alisema. "Hata kibao tu ukutani. Kwamba chumba hiki kinapunguza hasira zao."

"Dada Subi. Tulishajaribu, na ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Tuliwaambia. Wakaanza kukitafuta. Huyu anapiga ukuta, huyu anasema mwenzake amekihonga. Wawili wakalazwa, mmoja mpaka leo haoni jicho moja. Mimi ndiye niliyekwenda kumwona hospitalini, si wewe." Elirehema hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha. "Nitajie mtu mmoja aliyekufa kwa kupozwa."

"Anapozwa mpaka anakubali kaburi la mwanawe lifukuliwe!"

"Basi ameamua akiwa ametulia. Unataka watu waamue wakiwa wamepandisha mori?"

Bangili ikakata, kwa afya yake.

Subilaga alikaa veranda, akafikiri, akatukana, akafikiri tena. Kibao kingewafanya watu wakitafute chumba. Kukizima kabisa kungemrudisha Mwalimu kwenye mapanga. Alichotaka ni kitu cha katikati, kile anachofanya mtu yeyote aliyelelewa akifika mlangoni pa watu wanaozungumza. Haingii tu. Hapigi mayowe pia. Anakohoa kidogo, wajue yupo, kisha anangoja.

Mashine kumkoholea mtu ilikuwa kosa la jinai. Subilaga alirudi ndani, akarekodi kikohozi chake mwenyewe, akakipachika kwenye mfumo. Kabla ya kugusa pumzi ya mtu yeyote, chumba kingekohoa na kungoja kidogo ndipo kianze. Mmoja tu kati ya waliomo akisema "acha", kingeacha. Kazi ile ilimalizika kabla Mwalimu hajamaliza kula. Miaka yote ile alikuwa akiwaambia wanagenzi kwamba haiwezekani.

Mwalimu aliporudi na kijiti mdomoni, Subilaga alimwambia kwamba chumba kiko tayari. Hakumwambia zaidi ya hapo.

*

Kesho yake waliketi watu sita: Mwalimu na wajumbe wake wawili, Mama Lugano, Asajile, na Subilaga pembeni na bangili yake. Asajile alikuwa mtu mnene mpole, mwenye koti safi, aliyependa kumwita mwenzake "shemeji yangu" katika kila sentensi.

"Shemeji yangu anajua ninavyomheshimu," alianza. "Kaka yangu yule, na Lugano alikuwa mwanangu. Nawatafutia mahali pazuri penye uzio."

"Wana mahali," Mama Lugano alisema, na sauti ilianza kupanda.

"Khm," chumba kilikohoa.

Mwalimu alimtazama mjumbe wa kulia. Mjumbe wa kulia akamtazama wa kushoto.

"Wana mahali pao! Mnataka niwaambie mara ngapi?"

"Khm."

"Mpeni maji huyo anayekohoa," Mwalimu alisema.

"Si mimi," mjumbe wa kushoto alisema.

"Khm."

"Sasa ni nani? Tuko kwenye mambo ya watu hapa!"

Subilaga alisimama. "Si mtu, Mwalimu. Ni chumba. Kinaomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kuwapoza. Mmoja wenu akisema acha, kinaacha."

Akawaeleza. Alijitahidi kuwaeleza kwa maneno mepesi, habari za viti, za sakafu, za sauti zinazonyolewa darini, na kadiri alivyoendelea ndivyo alivyosikia maneno yake yanavyonuka. Mjumbe wa kulia aliinua miguu kutoka sakafuni. Mwalimu alikuwa amegeuka anatazama dari, mdomo wazi kidogo.

"Tangu lini?" Mama Lugano aliuliza.

"Tangu siku yako ya kwanza, mama."

"Mara zote nne."

"Mara zote."

"Hasira yangu mliipeleka wapi?"

Subilaga alifungua mdomo. Alikuwa na michoro ya hasira, na majedwali yake, na hotuba aliyowahi kuitoa ng'ambo akapigiwa makofi. "Sikuwahi kujiuliza," alisema.

"Mimi sioni ubaya," Asajile aliingilia upesi. "Siku zote tumeongea kistaarabu humu. Kiacheni kifanye kazi yake, tumalize."

Mama Lugano aliinua kiganja juu, akakielekeza darini. "Acha," alisema.

Chumba kikaacha. Hakuna aliyesikia kikizimika, lakini wote waliona kitu kimeondoka, kama mgeni aliyekaa nao siku zote bila kutambulishwa. Mwanga ukawa mkali. Mvua ikasikika juu ya bati. Harufu ya sweta la Mwalimu, la sufu iliyolowa, ikajaa puani.

"Sasa nisikilizeni," Mama Lugano alisema, na sauti yake ilikuwa mbaya, nzito, ya kukwaruza. Akaongea juu ya Lugano. Hakupanga maneno. Alisema walivyomletea mtoto amefungwa kwenye turubai la kampuni ya umeme. Alisema alivyomwosha mwenyewe akikataa msaada, na kucha za miguu alizozikata. Alilia na kupiga meza, makamasi yakamtoka asiyafute. Wajumbe waliinamisha vichwa. Kisha akamgeukia Asajile.

"Na hizo parachichi atapanda nani? Nimekuuliza siku zote, unanijibu tutasaidiana. Nani? Wewe mgongo unakuuma, huwezi kuinama. Wanao wako Mwanza, hawajakanyaga hapa tangu msiba. Nani atashika jembe, shemeji? Nitajie jina!"

Mara zote zilizopita swali lile lilimpata Asajile akiwa amepozwa vizuri, na jibu lake lilitoka laini kama siagi. Sasa lilimkuta mtupu. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Akasema, "Tuta..." akaishia hapo.

"Nitajie!"

"Unataka niseme nini?" Asajile alipiga kelele. "Shamba si langu! Nimeshauza! Nimeuza tangu kiangazi, na wenyewe hawataki makaburi! Nifanye nini sasa, nifanye nini?"

Mvua iliendelea kupiga bati.

"Umeuza mpaka wapi?" Mama Lugano aliuliza. Safari hii aliuliza polepole.

"Mpaka mtoni."

"Nyumba ninayolala nayo iko upande huu wa mto, shemeji."

Asajile alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Alitaka kutoka tu, baadaye wote walikubaliana juu ya hilo. Lakini Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni, mikono ameitandaza, akifoka kwamba hakuna kutoka mpaka jambo liandikwe, na Asajile alikuja kwa uzito wake wote kama gari lisilo na breki. Waliangukia veranda wote wawili. Mfupa wa kifundo cha mkono wa Mwalimu ulilia kama kijiti kikavu.

*

Zahanati ilikuwa na wodi moja, na kwenye wodi kulikuwa na mashine iliyozima maumivu kabla mgonjwa hajagutuka. Mwalimu aliwaambia waiondoe. Alikaa kitandani na plasta mbichi, rangi imemtoka, na Subilaga alikaa kwenye stuli mbele yake.

Wajumbe walikuwa wamekuja na habari. Hati ya kuzuia mauzo imepelekwa baraza la ardhi, na mnunuzi ameambiwa asitie mguu shambani mpaka ukoo mzima uitwe. Asajile amejifungia kwake. Mama Lugano hakupita kumshukuru mtu. Amerudi kushona, maana shule zinafunguliwa.

"Pole, Mwalimu," Subilaga alisema.

"Hukuniuliza," Mwalimu alisema. "Ulikiwekea chumba changu kikohozi, ukaniambia kiko tayari. Ukaniacha niagize maji kama mjinga. Wewe na hicho chumba chako mmelelewa nyumba moja."

Subilaga alimwekea mto chini ya mkono wenye plasta.

"Wale watu wengine," Mwalimu aliendelea. "Kaka na dada wale wa Masoko, waliokuwa hawasalimiani tangu utoto. Walishikana mikono mbele yangu. Nililia nikiwa nyumbani. Ilikuwa ni mimi, au kilikuwa chumba?"

"Sijui."

"Na yule binti aliyerudi kwa mumewe? Nilimwambia avumilie. Nilikuwa na maneno mazuri siku hiyo."

"Mwalimu, sijui. Haiwezekani kujua. Pengine ni wewe, pengine ni chumba, pengine wote wawili. Tulikitengeneza ili isijulikane."

Mwalimu aligeuza uso ukutani. "Ulimi wa asali," alisema, na akacheka kicheko kifupi kibaya. "Mke wangu nitamwambia nini?"

"...na kwa hiyo wakaguzi wanakuja Alhamisi," sauti ya Elirehema ilianza sikioni mwa Subilaga. "Tumesema ni hitilafu. Kikohozi kilikuwa hitilafu ya kipaza sauti. Wewe weka sahihi tu, dada yangu, nami nitakusimamia kadiri niwezavyo. Usipoweka, ni mahakamani."

"Haikuwa hitilafu," Subilaga alisema kwa sauti, na Mwalimu akageuka kumtazama. "Nilifanya makusudi, na ningefanya katika vyote mia tatu. Niandikie hivyo." Bangili ilianza kumkata Elirehema, akaivua yeye kwanza, akaitia mfukoni.

Muuguzi alipita, akatazama plasta, akaondoka.

"Kesho kuna watu wanakuja barazani," Mwalimu alisema hatimaye. "Siwezi kuwafukuza."

*

Siku hiyo mvua ilipungua. Waliokuja walikuwa majirani wawili, Mwakifuna na Kajela. Nguruwe wa Mwakifuna alikuwa ameingia shamba la Kajela akafukua matuta kadhaa ya viazi, na Kajela alikuwa amemkata nguruwe mkia. Walianza kutukanana wakiwa bado nje. Waliendelea kutukanana wakivuka kizingiti na walipokuwa wakiketi.

Mwalimu aliketi mbele yao, mkono wenye plasta umening'inizwa shingoni kwa kitambaa cha mkewe. Kabla hajafungua shauri alimwinamia Subilaga.

"Umekiwasha?"

"Hapana, Mwalimu."

"Usikiwashe. Hata nikikuomba."

Kisha akakohoa, kikohozi cha kwake mwenyewe, na kuanza kusema kwamba ujirani ni kitu cha thamani. Hakuna aliyemsikia. Mwakifuna alikuwa anaonyesha kwa mikono urefu wa mkia. Kajela alikuwa amemwaga mezani viazi vilivyotafunwa, kila kimoja anakielezea. Mwalimu alipandisha sauti, nao wakapandisha. Alisema "wazee", akasema "ndugu zangu", akasema "jamani". Mjumbe wa kulia alianza kukusanya karatasi zake kama mtu anayejiandaa kukimbia. Mwakifuna akasimama. Kajela naye akasimama, kiazi mkononi.

Mwalimu alimtazama Subilaga. Macho yalikuwa yanaomba.

Subilaga alikuwa na bangili mfukoni. Kuigusa tu kungetosha, na wanaume wawili wale wangekaa chini wakaanza kupumua kwa pamoja. Alikalia viganja vyake, akauma mdomo, akatikisa kichwa.

Ndipo Mwalimu, kwa kuchoshwa na wote watatu, akapiga meza kwa mkono uliovunjika.

Ukelele alioutoa haukuwa wa mwenyekiti wala wa mwalimu mkuu. Ulikwenda mpaka sokoni. Mwakifuna na Kajela walinyamaza na kumtazama, mikono ikiwa bado hewani.

"Pole, Mwalimu," Mwakifuna alisema.

"Sitaki pole zenu!" Mwalimu alipaza sauti, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Nimechoka nanyi! Mmoja aongee, mwingine afunge mdomo wake. Wewe mwenye viazi. Kaa chini. Anza."

Kajela alikaa chini. Akaweka kiazi mezani, akafuta mikono kwenye suruali, akaanza.